Jeraha la utotoni lisilokumbukwa: mtu anaanzia wapi kupona?

MwangaMdogo (mwanzisha mada)

Wadau, salaam.

Ushauri mwingi kuhusu kupona majeraha ya utotoni unamchukulia mhusika kuwa anakumbuka. Anaambiwa asimulie, alie, asamehe, maisha yaendelee. Mimi nauliza kuhusu yule ambaye madhara yalimpata kabla hajafikisha miaka mitatu au minne: aliyetelekezwa akiwa mchanga, aliyelazwa hospitali miezi mingi bila mzazi kando yake, aliyepitia mlezi mmoja baada ya mwingine, aliyekua na mama mwenye sonona kali isiyotibiwa au baba mwenye fujo za ulevi. Akishakuwa mtu mzima hana hata picha moja kichwani. Alichonacho ni dalili: moyo kwenda mbio mtu akichelewa kujibu ujumbe, mwili kufa ganzi wakati wa ugomvi, aibu isiyo na sababu, kushindwa kumwamini mtu yeyote au kumng'ang'ania kila anayemwonyesha upole.

Naomba wenye ujuzi wajibu haya. Je, anaweza kupona bila kukumbuka? Aanze na nini hasa? Na makosa gani humrudisha mtu nyuma? Leteni mambo ya kufanya, maana maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha.

Kisima

Anaweza, na hahitaji kukumbuka chochote. Naanza na sababu kwa kuwa ndiyo inayoamua mtu afanye nini na aache nini.

Kwa watu wazima wengi, kumbukumbu ya kwanza kabisa ni ya umri wa karibu miaka mitatu hadi mitatu na nusu. Ya kabla ya hapo hayapatikani kama kisa chenye mwanzo na mwisho, kwa sababu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopanga matukio kwa mahali na wakati, bado inakua, na mtoto hana lugha ya kuyashikia. Amigdala, sehemu inayonusa hatari, huanza kazi mapema zaidi. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja hujifunza barabara kwamba nyayo nzito zinakuja na maumivu, au kwamba hata ukilia haji mtu. Somo hilo hukaa kwenye misuli, tumboni, kwenye mapigo ya moyo na katika namna anavyowasogelea watu. Likiamshwa ukubwani, mtu hahisi kwamba anakumbuka kitu. Anahisi kwamba hatari iko hapa, sasa hivi.

Ndiyo maana kuchimba kumbukumbu ni kupoteza muda, na kuna hatari yake. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio la watu 24 walioelezwa kwamba wakiwa wadogo waliwahi kupotea kwenye jengo la maduka, jambo ambalo halikutokea. Karibu robo yao walifika mahali pa kuliamini, kwa sehemu au lote. Mshauri anayekulaza kwa haipnosia, yaani usingizi wa kushawishiwa, ili atafute "kilichofichwa" anaweza kukuachia picha ya jambo ambalo halikuwahi kuwapo, na familia ikasambaratika kwa sababu ya picha hiyo. Dalili zako ni za kweli hata chanzo kisipojulikana. Kama yupo ndugu anayejua habari za miaka ile, au kuna kadi ya kliniki au faili la hospitali, ni vizuri ukavipitia. Ukivikosa, kazi inaendelea vilevile.

Anzia kwenye daftari, kwa wiki mbili. Kila mara mwili unaposhtuka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, andika mambo matano kabla saa moja haijapita: kilichotokea kama kamera ingekiona, mwili ulifanya nini na sehemu gani, nguvu yake kati ya 0 na 10, ulichofanya, na muda uliopita hadi ukatulia. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi: "Bosi kaandika 'pita ofisini kwangu'. Tumbo la baridi, mikono inatetemeka. 8. Nimeomba radhi kabla hajasema neno. Kutulia kumechukua muda wa saa tatu." Kama muda wa kutulia haujafika, uache wazi uujaze baadaye. Angalieni kwamba hakuna safu ya "kwa nini". Mtu akianza kujieleza kwa nini, anauacha mwili anaingia kwenye mawazo, na dakika mbili baadaye anatafuta wa kumlaumu, mara nyingi nafsi yake.

Kufikia siku ya 14 mistari huwa imeanza kufanana. Utakuta vichochezi vitatu au vinne vinavyojirudia: kimya cha mtu, mlango kubamizwa, uso usiotabasamu, kuachwa peke yako jioni. Hivyo ndivyo vya kufanyia kazi, kimoja kimoja, kuanzia chenye nguvu ndogo. Safu ya mwisho itunze kuliko zote, kwa sababu anayepona mara nyingi huona muda wa kutulia ukipungua kabla idadi ya mishtuko haijapungua. Asiyelijua hilo hukata tamaa mwezi wa pili, anasema bado anashtuka vilevile, kumbe zamani ilimchukua siku nzima na sasa ni dakika arobaini.

BiStahimili

Kisima kaeleza vema. Naongezea upande wa mwili, kwa sababu hapa watu hufundishwa mazoezi mazuri wakayatumia wakati usio wake.

Kwanza ujue mwili umekimbilia wapi. Kuna kupanda: moyo mbio, jasho, hasira, mawazo yanayokimbizana. Na kuna kushuka: ganzi, uzito, macho kuganda sehemu moja, sauti za watu kusikika kwa mbali, kujiona kama unajitazama kutoka nje. Zoezi la kupanda si zoezi la kushuka.

Ukiwa umepanda, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, usiishikilie katikati, dakika 3 hadi 5. Kule kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza mapigo. Anayevuta pumzi kubwa kubwa harakaharaka akidhani anajituliza hupata kizunguzungu na vidole kufa ganzi, kisha anaogopa zaidi kwa sababu ya dalili hizohizo. Njia nyingine ni kusukuma ukuta kwa viganja viwili kwa nguvu sekunde 10, kuachia, kurudia mara tano. Maji baridi usoni kwa sekunde 15 hadi 30 hushusha mapigo upesi, ila mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu kabla hajamuuliza daktari wake.

Ukiwa umeshuka, pumzi za kutuliza zinaweza kukushusha zaidi. Simama. Kanyaga sakafu kwa visigino, mmoja kisha mwingine. Geuza shingo taratibu uangalie pembe zote za chumba, na mlango ulipo. Taja vitu vitano unavyoviona pamoja na rangi zake, vinne unavyovigusa, sauti tatu unazozisikia, harufu mbili, ladha moja. Taja kwa sauti ya kusikika, maana ukifanya kimoyomoyo ni rahisi kupotelea humohumo. Malizia kwa jina lako, tarehe ya leo na umri wako. Umri usiuruke, kwa kuwa wakati huo mwili unaishi umri mwingine kabisa.

Makosa mawili nayaona sana. La kwanza ni kungoja dhoruba ndipo ufanye zoezi. Mwili uliofika 9 haujifunzi kitu kipya, unatumia ulichozoea. Fanya mara mbili kwa siku, dakika tano, ukiwa kwenye 2 au 3, hadi zoezi lije lenyewe. La pili ni kufumba macho. Aliyeumizwa akiwa mchanga akifumba macho na kusikiliza kifua chake anaweza kujikuta ndani ya hofu isiyo na jina. Aache macho wazi, atazame sakafu mita mbili mbele yake, asikilize nyayo au mikono badala ya kifua. Kambi za kukaa kimya na kutafakari kutwa nzima asianze nazo, hata kama rafiki yake zimemsaidia.

Ndoto mbaya nazo zina kazi yake, na hufanyika mchana, mbali na kitanda. Chagua ndoto ya nguvu 4 au 5, ile kali kuliko zote iache kwanza. Iandike kwa ufupi mara moja. Kisha ibadilishe popote unapotaka, hata kama badiliko haliwezekani katika dunia hii: mlango unafunguka, mtu wa kukulinda anafika, wewe ni mrefu kuliko nyumba. Toleo jipya lipitie akilini dakika 10 hadi 20 kila siku kwa wiki mbili. Anayeandika ndoto ya zamani kwa kirefu kila asubuhi anaikariri, na ndiyo maana inarudi. Pombe kabla ya kulala huleta usingizi haraka, halafu huuvuruga nusu ya pili ya usiku, wakati ndoto zinapozidi.

HojaKwanza

Nayakubali yote hayo, ila kuna mtego umebaki: maandalizi yasiyoisha.

Mwaka 1992 Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alipanga kazi hii kwa hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwenye maisha na watu. Mpangilio huo umesaidia wengi. Lakini wapo wanaokaa hatua ya kwanza mwaka, miaka miwili, wakijifunza kupumua tu, na mshauri anaogopa kugusa kidonda. Mteja naye anaanza kuamini kwamba yeye ni dhaifu kupita kiasi.

Marylène Cloitre na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa wanawake 104 waliokuwa na kiwewe, yaani hofu na dalili zinazobaki baada ya mateso, kilichotokana na kudhulumiwa utotoni. Vikao vilikuwa 16 kwa jumla: nane vya stadi za kumudu hisia na mahusiano, nane vya kupitia yaliyotokea. Waliopata vyote viwili walipata nafuu iliyodumu zaidi, na wachache zaidi waliacha tiba njiani, kuliko waliopitia masimulizi bila kufundishwa stadi. Nane. Kuna wataalamu wanaokwenda mbali zaidi na kusema hatua ya maandalizi si lazima kwa kila mtu. Mimi sifiki huko kwa mtu anayepoteza fahamu ya alipo kila akisisimka. Ila stadi ziwe na tarehe ya mwisho, iliyoandikwa tangu kikao cha kwanza.

Sasa utapitiaje usichokikumbuka? Kuna tiba inayotumia kamba ya maisha. Ilijaribiwa, miongoni mwa kwingine, kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Kamba inatandikwa sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa, na upande wa pili unaachwa umeviringwa kwa sababu maisha yanaendelea. Kwenye tukio jema linawekwa ua, kwenye baya jiwe, kubwa au dogo kadiri lilivyoumiza. Siku hiyo kila kitu kinatajwa kwa jina na umri tu, bila kuingia ndani, na kamba yote inakamilika katika kikao kimoja, kwa kawaida dakika 90 hadi 120. Simulizi lenyewe linafuata vikao vinavyokuja, jiwe kwa jiwe, kwa mpangilio wa miaka. Kwa mtu tunayemzungumzia, mwanzo wa kamba huwa na jiwe la kile alichoambiwa na wengine, na linabaki na jina hilo: "niliyoambiwa". Halipambwi kwa kisa cha kubuni. Kazi kubwa inafanywa kwenye mawe ya baadaye yaliyoitikia lile la kwanza, kwa mfano siku aliyopelekwa bweni, au uchumba uliovunjika.

EMDR nayo, tiba ya kusogeza macho huku na huku mtu akigusa kinachomsumbua, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, inaweza kuanzia kwenye kichochezi cha leo na hisia ya mwilini bila kisa chochote. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 kwa watu wazima wenye kiwewe, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe.

Neno moja kuhusu lile dodoso la maswali kumi linalozunguka mitandaoni, lenye alama za matukio ya utotoni. Limetoka kwenye utafiti wa Felitti na Anda uliochapishwa mwaka 1998, na linafaa sana kueleza hali ya watu kwa maelfu. Kwa mtu mmoja halitoshi. Haliulizi ulikuwa na umri gani, ilidumu muda gani, wala kama alikuwepo bibi au mwalimu aliyekushika mkono. Mwenye alama 6 anaweza kuwa salama kuliko mwenye 2. Usikubali mtu akupangie hatima kwa namba hiyo.

Tumaini_K

Naona tunazungumzia sana yaliyotendeka. MwangaMdogo kataja pia kutelekezwa, na hapo kuna ugumu wa pekee: hakuna jiwe la kuweka kwenye kamba. Mtoto hakupigwa. Alilishwa, alivishwa, akaachwa alie hadi anyamaze, siku baada ya siku. Ukubwani anasema "mimi sikupatwa na kitu", na anajiona mnafiki akitafuta msaada.

Ukimuuliza mtu huyu anahisi nini, jibu lake ni "sijui", na hasemi uongo. Hisia hujifunzwa kwa kuitikiwa: mtoto analia, mtu anasema "una njaa, pole", na mtoto anapata jina la kile kinachomsumbua. Pasipo kuitikiwa, ishara za mwili huzimwa. Wengi wa aina hii hufanya kazi hadi kichwa kigonge, ndipo wakumbuke kwamba tangu asubuhi hawajanywa maji.

Kwa hiyo usianze na "unahisi huzuni au hasira?" Anza chini zaidi. Weka kengele ya simu mara tatu kwa siku. Ikilia, jiulize matano: njaa, kiu, usingizi, joto au baridi, haja. Kilichopo kitimize ndani ya dakika kumi. Hiyo ya kutimiza ndiyo dawa yenyewe. Kuandika tu "nina kiu" kisha kuendelea na kazi ni kurudia kilekile kilichomuumiza mtoto, yaani ishara kutolewa na mtu asije. Baada ya wiki tatu au nne ongeza hisia nne: furaha, huzuni, hasira, hofu, pamoja na mahali zilipo mwilini. Nne zinatosha. Ukimpa orodha ndefu atachagua neno zuri badala ya neno la kweli.

Kisha watu. Omba kitu kidogo kwa mtu salama mara moja kwa wiki, chenye jibu la ndiyo au hapana: "nisaidie kubeba hili", "nipigie Jumamosi". Mtego wake ni kumjaribu mtu kimyakimya. Anakaa bila kusema akisubiri waone wenyewe kwamba ameumia, na wasipoona anahesabu ushahidi kwamba hakuna anayemjali. Ombi lisilotamkwa halihesabiwi. Jibu likiwa "hapana", liandike kwenye daftari la Kisima kama kichochezi kingine chochote, upime muda wa kutulia.

Kuhusu kama bado kuna nafasi ya kubadilika, utafiti wa Bucharest ulioanza karibu mwaka 2000 kwa watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya yatima ulionyesha kwamba waliopelekwa kulelewa na familia walipata nafuu katika mengi, na mambo kadhaa yalikwenda vizuri zaidi pale mtoto alipohamishwa kabla ya miaka miwili. Wengine husoma hapo kwamba baada ya miaka miwili mlango umefungwa. Si kweli. Kilichoonekana ni kwamba ukichelewa kazi inakuwa kubwa zaidi. Kwa mtu mzima, naona inahitaji mahusiano ya kudumu na ya kutabirika: mshauri yuleyule, saa ileile, siku ileile. Ndiyo maana kubadilisha mshauri kila mwezi kunamdhuru mtu huyu kuliko mwingine yeyote.

MwangaMdogo

Asanteni sana, nimenakili yote. Naomba niongeze matatu. Mtu huyu akiwa tayari ni mzazi na anajikuta anawafokea watoto au anaganda wanapolia, afanyeje? Ndugu wanaposhinikiza asamehe, ajibuje? Na atamjuaje mshauri anayefaa?

Kisima

La uzazi. Edward Tronick, aliyechunguza mama na vichanga tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba hata wenye uhusiano mzuri hupatana kihisia sehemu ndogo tu ya muda, takriban asilimia 30. Muda uliobaki ni kukosana na kurudiana. Kwa hiyo mzazi asihangaike kutokosea kamwe. Ajifunze kurudi.

Kurudi kuna mpangilio. Toka ulipo, mtoto akiwa mahali salama, utulie kwanza; wengine huhitaji dakika 20 au zaidi. Rudi, kaa chini kimo chenu kilingane. Sema ulichofanya, bila "lakini": "Nilikufokea. Ulishtuka. Haikuwa kosa lako. Nikianza kukasirika tena nitatoka nje kwanza nipumue." Kisha nyamaza. Kama mtoto ana la kusema, msikilize bila kujitetea. Chini ya miaka mitatu maneno hayana uzito mkubwa: sauti ya chini, uso uliolegea, kumbeba kama anakubali. Kanuni ya "kufoka kumekatazwa" ndani ya nyumba bado ipo. Kurudi hakuhalalishi kipigo wala matusi.

Yanayoharibu ni mawili. Mzazi analia kwa majuto hadi mtoto ndiye anayembembeleza, na hapo mtoto amegeuzwa mlezi. Au anaahidi "sitarudia tena kamwe". Ahidi utakachofanya ukikasirika, maana hicho unakiweza.

Anayeganda mtoto akilia afanye zoezi la kushuka la BiStahimili papo hapo, akiwa amesimama, mkono mmoja mgongoni kwa mtoto, akitaja kwa sauti: "Wewe unalia. Mimi ni mama, nipo. Leo ni Jumanne." Sauti hiyo inawasaidia wote wawili. Kama hofu ni ya kumdhuru mtoto kweli, amweke kitandani salama, aondoke chumbani, ampigie mtu simu. Kulia dakika kumi peke yake hakumdhuru mtoto kama kutikiswa.

BiStahimili

Msamaha. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" ni msemo wa watu wawili wanaomaliza ugomvi. Kwa mtu ambaye mwili wake bado unashtuka leo, hayajapita, na kuyaganga yajayo kunaanza na kuyatambua. Msamaha ukija, uje ukiwa tunda la kupona. Ukilazimishwa mwanzoni humfundisha mtu kuzima hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa inaanza kumwambia kwamba alistahili bora.

Jibu fupi la kutumia: "Nalifanyia kazi na mtu. Sijafika huko, na sitalijadili leo." Rudia sentensi hiyohiyo bila kuongeza maelezo, kila maelezo unayotoa yanafungua mjadala mpya.

Kuwakabili wazazi ana kwa ana ni jambo jingine, na silipendekezi mapema. Kabla ya kwenda, andika unataka nini kitokee. Kama jibu ni "wakiri", ahirisha, kwa sababu umeuweka uponyaji wako mikononi mwao. Kama jibu ni "niwaambie kwamba sitalala tena nyumbani kwao", hilo linatimia hata wakikana.

Barua isiyotumwa inasaidia wengi. Dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, kwa kalamu, bila kusahihisha. Hali kushuka kidogo baada ya kuandika ni kawaida na kwa wengi hupita siku hiyohiyo. Ukiona unapanda zaidi ya 7 au unaanza kuganda, acha mara moja. Usiandike usiku.

HojaKwanza

Mshauri. Muulize maswali manne kabla hujalipa kikao cha pili. Umesomea tiba gani ya kiwewe na kwa muda gani? Nikiganda katikati ya kikao utafanya nini? Tutapimaje kama naendelea vizuri? Nani anasimamia kazi yako?

Jibu zuri la swali la pili lina vitendo: atasimamisha simulizi, atakuita kwa jina, atakuomba uangalie chumba, usimame, ushike kitu baridi, hatakugusa bila ruhusa, na hatarudi kwenye simulizi siku hiyo. Akijibu kwamba atakuacha "utoe yote", ondoka. Kikao kinachokuingiza kwenye jambo zito kiishie kwenye jambo jepesi angalau dakika 15 kabla ya saa kuisha, ili usitoke mlangoni ukiwa bado ndani ya hofu.

Alama za hatari: anakuambia una dalili zote za kudhulumiwa wakati wewe hujasema, anaahidi kufukua kumbukumbu, anakulazimisha usamehe au ukatae familia, anakutafuta kwa urafiki au mapenzi, hana mpango wowote ulioandikwa baada ya vikao vinne.

Kipimo kizuri ni dodoso la kiwewe la maswali 20, kila swali 0 hadi 4, jumla 0 hadi 80, linalojazwa mara moja kwa mwezi. Angalia mwelekeo wa miezi mitatu. Mwezi mmoja mbaya haumaanishi kitu. Kwa walioumizwa mapema, mshauri aongeze maswali ya kumudu hisia, kujiona hufai, na ugumu wa mahusiano. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotofautisha kiwewe changamano katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, na yanaweza kubaki hata ndoto na mishtuko ikiisha.

Tumaini_K

Naongeza dawa, kwa kuwa hazijatajwa. Dawa za sonona kama sertralini zinaweza kupunguza dalili za kiwewe hadi mtu akaweza kushiriki tiba ya mazungumzo. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla hata ukijisikia vizuri. Daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua. Vidonge vya usingizi na wasiwasi vya jamii ya diazepamu havipendekezwi na miongozo mingi kwa kiwewe: vinazoeleka, na vinazuia mwili kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe. Anayevitumia tayari kwa muda mrefu asivikate peke yake, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Anayekunywa pombe nyingi kila siku naye aonane na daktari kabla ya kuacha, kwa sababu hiyohiyo.

Kazi ya kamba, barua na simulizi isubiri kama mtu ana mpango wa kujiua, kama amepoteza muda asijue alikuwa wapi, kama bado anaishi na anayempiga, au kama anasikia sauti zinazomwamuru. Huyo apelekwe hospitali au mahali salama leo, na asiachwe peke yake njiani. Daftari na mazoezi ya kutulia anaweza kuendelea nayo hata akiwa huko.